Tathmini: ADE 651, kitambua mabomu kisicho na betri, pamoja na ndugu zake

Kwa wenye haraka, hukumu ndiyo hii: usinunue, usikubali hata kupewa bure, na kama kimo getini kwenu kitolewe leo kabla ya zamu ya jioni kuingia. Wenye nafasi waendelee kusoma, maana sababu zake zitamfaa hata anayenunua kifaa kingine kabisa cha ulinzi.

ADE 651 ni kifaa cha mkononi kilichouzwa na kampuni ya ATSC ya Somerset, Uingereza, iliyokuwa ya James McCormick, aliyewahi kuwa polisi. Wateja wake walikuwa majeshi, polisi na wizara. Waliambiwa kinagundua vilipuzi, dawa za kulevya, pembe za ndovu na hata watu waliojificha. Kinapenya ukuta, kinafanya kazi chini ya maji na kutoka angani, na kinafuatilia kitu kilichofukiwa hadi kilomita moja chini ya ardhi. Aprili 2013 mahakama ya Old Bailey, London, ilimtia McCormick hatiani kwa utapeli, na mwezi uliofuata akafungwa miaka 10.

Kwa nini basi kutathmini bidhaa ambayo muuzaji wake alishafungwa? Kwa sababu kifaa chenyewe hakikufungwa. Miaka mitatu baada ya hukumu ile bado kilikuwa mikononi mwa askari wa vizuizini Baghdad. Tena ukoo wake ni mkubwa. Quadro Tracker ilipigwa marufuku na mahakama ya shirikisho huko Beaumont, Texas, mwaka 1996. Ikafuata Mole, ikafuata Sniffex, GT200 na Alpha 6. Pakistan, walinzi wa viwanja vya ndege walijiundia cha kwao wenyewe, wakakiita Khoji. Umbo ni lilelile, kinachobadilika ni kibandiko. Ukishajua kusoma mmoja wa ukoo huu, umewasoma wote.

Kilichomo sandukuni

Sanduku ni la plastiki ngumu, ndani lina sponji iliyokatwa kufuata umbo la kila kipande. Kuna mpini wa plastiki wa kushika kama bastola. Juu ya mpini kuna bawaba, na kwenye bawaba kuna antena ya kuvuta kama ya redio, inayozunguka kushoto na kulia bila kizuizi. Kuna kijisanduku cha kuning'iniza kiunoni, kimeungwa na mpini kwa waya. Kuna na fungu la kadi, kila moja ikidaiwa kutambua kitu chake: hii baruti, hii kokeini, hii pembe za ndovu.

Tafuta betri, hakuna. Tafuta swichi, hakuna. Taa, spika, kioo cha kusomea majibu, tundu la kuchajia, vyote hakuna. Maelezo ya muuzaji yalikuwa kwamba kifaa kinatumia umeme tuli wa mwili wa mtumiaji, ndiyo maana askari alitakiwa kwanza kutembeza miguu pale aliposimama ili “kukichaji”. Tufanye hesabu. Mwili wa binadamu unahifadhi chaji kama kapasita (kifaa cha kuhifadhia chaji ya umeme) ndogo sana, ya takriban pikofaradi 100. Hata ukipanda hadi volti 10,000, kiwango cha kukufanya ushtuke ukigusa kitasa cha mlango, nishati iliyomo ni milijuli 5 tu. Haitoshi kuwasha taa ndogo ya LED kwa robo sekunde. Eti kwa nishati hiyo kifaa kipokee ishara kutoka kilomita nzima na kugeuza antena.

Kadi ndizo zilizotoa siri yote. Mapema 2010, BBC waliipeleka moja kwenye maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Ilipofunguliwa, ndani mlikuwa na kile kibandiko cha kuzuia wizi ambacho maduka makubwa hubandika kwenye nguo ili mlango ulie ukitoka nayo bila kulipa. Hakina kumbukumbu, hakiwezi kupangiliwa, wala hakijui tofauti ya kilipuzi cha TNT na sabuni. Njia ya “kuipangilia” kadi ilikuwa kuifungia ndani ya chupa pamoja na sampuli ya kitu husika kwa siku kadhaa ili inyonye mvuke wake. Kile kijisanduku cha kiunoni kinachopokea kadi nacho hakina cha kuisomea.

Asili ya muundo ni kichekesho kichungu. McCormick alianza kwa kununua kutoka Marekani kifaa cha kutafutia mipira ya gofu iliyopotea majanini, kilichouzwa chini ya dola 20 na ambacho nacho hakitafuti chochote. Akakibandika jina jipya, kikawa toleo la kwanza la ADE. Matoleo yaliyofuata yaliongezewa uzito, rangi na sanduku zuri, na bei ikapanda hadi makumi ya maelfu ya dola kwa kimoja. Iraq peke yake ilinunua takriban 6,000.

Kwa nini antena inageuka

Hapa ndipo wanunuzi wengi waliponaswa, kwa hiyo tukae kidogo. Antena inageuka kweli. Ukikishika mwenyewe utaiona ikigeuka, na utaapa kwamba hukuigeuza wewe.

Antena ni fimbo inayozunguka kwenye mhimili uliosimama wima. Mhimili ukiwa wima sawasawa, fimbo haina upande inaoupendelea, inatulia popote. Mhimili ukiinama hata digrii moja, fimbo inashuka kuelekea upande ulio chini kabisa. Inamisha mpini kidogo kulia, antena inakwenda kulia. Ncha ikielekea chini kidogo, antena inatulia mbele kwa utiifu. Ukiinua ncha juu kidogo tu ya usawa, inapoteza utulivu na kuanguka upande wowote kwa ghafla, kana kwamba imevutwa. Tofauti kati ya hali hizi mbili ni mwendo wa kifundo cha mkono usioonekana kwa macho, na mwenye mkono hausikii.

Sasa ongeza akili. Mtu anayetarajia kitu kiwe mahali fulani, misuli yake husogea kidogo kuelekea huko bila yeye kukusudia. Jambo hili limechunguzwa na wanasayansi tangu karne ya 19, na ndilo linaloendesha vijiti vya watafuta maji na pete inayoning'inizwa kwa uzi. Askari akiona gari lenye dereva anayetoka jasho, mkono wake unajua kabla yake. Antena inamwelekea dereva. Boneti inafunguliwa. Wasipokuta kitu, kuna manukato kwenye mkoba wa abiria au jino la dhahabu, basi kifaa “kilichanganywa”. Wakikuta bastola, kifaa kimefanya kazi. Ramli nayo huendeshwa hivyohivyo: ikipatia inakumbukwa, ikikosea mteja ndiye hakutimiza masharti.

Na masharti yalikuwepo tele. Mtumiaji awe amepumzika, asiwe na wasiwasi, mapigo ya moyo yawe ya kawaida. Askari wa kizuizini, juani, wa zamu ndefu, anayejua gari lijalo linaweza kumuua, ndiye anayetakiwa asiwe na wasiwasi. Mwongozo ulioandikwa hivi haumsaidii mtumiaji. Unamwandaa kubeba lawama.

Sayansi ya vilipuzi vyenyewe nayo inakataa. Kwenye joto la kawaida, TNT hutoa mvuke wa kiasi cha sehemu chache kwa bilioni ya hewa, na RDX, iliyomo kwenye vilipuzi vingi vya kijeshi, ni sehemu chache kwa trilioni. Mashine halisi za maabara huhangaika kuudaka mvuke huo hata ukiwa jirani kabisa. Anayedai kuupata kutoka kilomita moja, kupitia ukuta, bila feni wala chujio wala umeme, hajaboresha teknolojia iliyopo. Anauza kitu cha aina nyingine kabisa.

Kazini

Baghdad, tarehe 25 Oktoba 2009, magari yenye mabomu yalifika hadi Wizara ya Sheria na makao ya serikali ya mkoa, katikati ya jiji lililojaa vizuizi. Watu zaidi ya 150 walikufa. Tarehe 8 Desemba mwaka huohuo, wengine zaidi ya 120. Katika vizuizi vya jiji hilo ADE 651 ndiyo iliyokuwa chombo kikuu cha kukagulia magari. Waandishi wa New York Times waliripoti kwamba gari lao, likiwa na bunduki mbili aina ya AK-47 na risasi zake, zote zikiwa na kibali, lilipita vizuizi tisa vyenye kifaa hicho na hakuna hata kimoja kilichozigundua.

Meja Jenerali Jihad al-Jabiri, aliyeongoza idara ya kupambana na vilipuzi katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Iraq, alikitetea hadharani akisema hajali kama ni uchawi au sayansi, mradi kinagundua mabomu. Mwaka 2011 akakamatwa kwa tuhuma za rushwa katika manunuzi hayohayo. Uingereza ilikuwa imeshapiga marufuku kuuza kifaa hiki Iraq na Afghanistan tangu Januari 2010. Lakini marufuku ya kuuza hairudishi kilichokwisha kuuzwa. Ilibidi lori lilipuke Karrada, Baghdad, tarehe 3 Julai 2016 na kuua watu zaidi ya 300, ndipo Waziri Mkuu Haider al-Abadi akaamuru viondolewe vizuizini.

Madhara makubwa ya kifaa hayakuwa kukosa bomu tu. Yalikuwa kwamba kiliondoa ukaguzi uliokuwepo. Kabla yake askari alifungua buti, aliingiza kioo chini ya gari, aliuliza maswali na kumtazama dereva usoni. Baada yake alipita ubavuni mwa gari na antena, akapungia mkono. Chukulia antena inaelekea gari moja katika kila magari kumi bila mpango wowote. Gari lenye bomu nalo lina nafasi moja kwa kumi ya kusimamishwa, na tisa ya kupita. Foleni imepungua, kamanda amefurahi, na ukaguzi haupo.

Thailand ilipata sura ya pili ya madhara. GT200, iliyouzwa na Gary Bolton wa Uingereza kwa bei iliyofika pauni 15,000 huku kuiunda kukigharimu pauni chache tu, ilitumiwa na jeshi katika mikoa ya kusini yenye uasi. Huko antena ilielekezwa kwa watu na nyumba zao, na waliolengwa wakashikiliwa. Bomu lililokoswa linalipuka na kila mtu analiona. Kijana aliyewekwa ndani kwa sababu fimbo ilimgeukia haonekani na yeyote, isipokuwa ndugu zake na wale watakaokuja kumshawishi kwamba serikali ni adui yake. Kwa idara yoyote ya usalama inayotegemea wananchi kuipa habari, hasara hiyo ni nzito kuliko bei ya kifaa. Bolton alifungwa miaka 7, Agosti 2013.

Jaribio la masanduku manne

Februari 2010 serikali ya Thailand iliipima GT200 kwa njia ambayo kila mnunuzi angeweza kuitumia kabla ya kulipa. Kilipuzi aina ya C4 kiliwekwa ndani ya sanduku moja kati ya manne yanayofanana, mtumiaji akatafuta, na zoezi likarudiwa mara 20. Mtu anayekisia tu anatarajiwa kupata 5. GT200 ilipata 4.

Hili si jaribio la nchi tajiri. Mnahitaji masanduku manne ya aina moja, meza, glavu, kete, karatasi mbili za kuandikia, na sampuli halisi chini ya usimamizi wa kikosi cha mabomu. Kama kupata kilipuzi ni shida, tumieni kitu kingine ambacho muuzaji mwenyewe anadai kadi yake inakitambua.

Anzeni na raundi za wazi. Sampuli iwekwe mezani mbele ya wote, muuzaji au mkufunzi wake akitumie kifaa na kukiri kwa maandishi kwamba leo kinafanya kazi vizuri, chumba ni kizuri, hewa ni nzuri na mtumiaji yuko sawa. Msiruke hatua hii. Bila hiyo, matokeo mabaya yataelezewa baadaye kwa unyevu, simu za mkononi, nyaya za ukutani, au mapigo ya moyo.

Kisha raundi za siri. Kundi la kwanza, watu wawili, linabaki chumbani na kurusha kete: 1 hadi 4 ndiyo namba ya sanduku, 5 au 6 rusha tena. Msichague kwa kichwa, maana binadamu huchagua kwa mazoea na mazoea hukisiwa. Wakishaweka sampuli wanagusa masanduku yote manne sawasawa, wanaandika namba, wanafunga karatasi kwenye bahasha na kutoka kwa mlango mwingine. Kundi la pili ndipo linaingia na mtumiaji wa kifaa. Makundi haya mawili yasionane hata kwa macho hadi raundi zote 20 ziishe. Bahasha zifunguliwe mwishoni, mbele ya wote.

Kiwango cha kufaulu kikubaliwe kabla ya raundi ya kwanza. Mkisiaji akipewa nafasi moja kwa nne katika raundi 20, uwezekano wa kupata 10 au zaidi kwa bahati ni kama asilimia 1.4. Kupata 12 au zaidi ni chini ya mara moja katika elfu. Lakini kifaa kinachoombewa makumi ya maelfu ya dola, kikidai kuona kilomita moja, kinapaswa kupata 19 au 20 kikiwa hatua mbili tu kutoka mezani. Anayeomba apewe pointi kwa sababu “alikuwa karibu na sanduku sahihi” msimsikilize.

Mahali jaribio linapoharibika panajulikana. La kwanza ni aliyeficha kubaki chumbani, kwani mtumiaji anasoma uso wake bila yeyote kati yao kujua. La pili ni muuzaji kujitolea kuficha sampuli yeye mwenyewe. La tatu ni kusimamisha zoezi katikati matokeo yanapokuwa mazuri. La nne, ambalo ni la kiofisi zaidi, ni mkubwa kuhudhuria na kukishika kifaa yeye kwanza. Akishakiona kikigeuka mkononi mwake, hakuna wa chini yake atakayethubutu kuandika kwamba kimefeli.

Maabara za Sandia za Marekani ziliipima Mole kwa njia ya siri namna hii mwaka 2002 na kukuta haizidi kubahatisha. Kwa hiyo miaka kadhaa kabla Baghdad haijalipa, jibu lilikuwa limeshaandikwa na kuchapishwa. Mwaka 2008 James Randi, mwanamazingaombwe aliyetumia maisha yake kufichua utapeli, alitangaza dola milioni moja kwa yeyote atakayethibitisha kwamba ADE 651 inafanya kazi. Kampuni iliyodai ina bidhaa ya ajabu hivyo haikuzifuata hela hizo.

Ilinunuliwaje basi

Sehemu ni rushwa, na mahakama iliyasikia hayo. Lakini rushwa haielezi kila kitu, kwa sababu askari wengi waliokuwa nacho hawakuhongwa na bado walikiamini. Mambo ya kawaida ya zabuni yalisaidia pia. Kuwa na nchi nyingine iliyonunua kulichukuliwa kuwa ushahidi, na nchi hiyo nayo ilikuwa imetegemea nyingine. Leseni na nembo za Uingereza zilichukuliwa kama cheti cha ubora. Maonyesho yalifanywa na muuzaji, kwa sampuli ambayo kila mtu alijua ilipo. Na bei kubwa, badala ya kutisha, ikatuliza: kitu cha pauni 20 kingechunguzwa, cha maelfu kikaheshimiwa. Mmoja wa waliofanya kazi na McCormick alisimulia kwamba alipomuuliza kama kifaa kinafanya kazi, alijibiwa kwamba kinafanya hasa kile kilichoundiwa, yaani kuingiza pesa.

Swali moja lingetosha kwenye kamati yoyote ya manunuzi: kipo wapi chanzo cha nguvu, na tukikitoa nini kinakoma? Kifaa halisi kina sehemu ambayo ukiichomoa kinakufa. ADE 651 ukichomoa waya wa kiunoni, ukitupa kadi, ukivunja kijisanduku, antena inageuka vilevile.

Cha kununua badala yake

Hakuna kifaa kimoja kitakachochukua nafasi hiyo iliyoahidiwa, na anayesema kipo ni wa ukoo uleule. Kuna vinavyofanya kazi, kila kimoja na mipaka yake.

Mashine za kupima chembechembe ndizo za karibu zaidi na kile wanunuzi walichodhani wanapata. Unapangusa mpini wa mkoba, usukani au mikono kwa kipangusio maalumu, unakiingiza mashineni, kinapashwa moto, chembe zinageuka mvuke, zinapewa chaji na kupimwa kasi yake ndani ya mrija. Jibu hutoka kwa sekunde chache, kwa kiasi kidogo mno cha kilipuzi. Bei ya mashine si mwisho wa gharama. Vipangusio, sampuli za kusahihishia na vikausha hewa vinaisha na lazima viagizwe kila mara, na mashine nyingi hufa si kwa ubovu bali kwa sababu bajeti ya vifaa hivi haikuwekwa. Vumbi na unyevu huzisumbua. Ukiingiza sampuli chafu mno, mashine inalewa na kuhitaji muda wa kujisafisha kabla ya kuaminika tena. Dawa za moyo zenye nitrogliserini na baadhi ya mbolea huleta kengele za kweli zisizo na bomu, kwa hiyo lazima kuwe na hatua ya pili ya ukaguzi iliyoandikwa. Na inapima mabaki tu: haioni ndani ya buti ambalo hukulipangusa.

Mbwa wa kunusa bado ndiye bora kwa kutafuta eneo kubwa. Anachoka. Baada ya nusu saa hivi ya kazi mfululizo, zaidi kwenye joto, pumziko ni lazima, kwa hiyo geti la saa 24 haliendeshwi na mbwa mmoja wala wawili. Naye si salama dhidi ya ugonjwa uleule wa antena: watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha mwaka 2011 jaribio la timu 18 za mbwa na waongozaji, walioambiwa kuna harufu mahali ambapo haikuwepo. Mbwa walitoa ishara za uongo zaidi ya mara 200, hasa pale waongozaji walipodhani ipo. Majaribio ya siri ni kwa mbwa pia, kila mwezi, mwongozaji akiwa hajui sampuli ilipo.

Eksirei ya mizigo, mlango wa kutambua chuma na kioo cha chini ya gari ni vyombo vya kawaida, havihitaji maelezo marefu. Mlango wa kutambua chuma upimwe kila asubuhi kwa kipande cha majaribio kilichopitishwa usawa wa kifundo cha mguu, kiuno na bega. Mlinzi wa eksirei abadilishwe kila baada ya dakika 20 hivi kwa sababu macho yanachoka. Na kabla ya vyote hivyo kuna umbali. Nguvu ya mlipuko inashuka haraka sana kadiri unavyosogea, kwa hiyo vizuizi vya zege vinavyolazimisha gari kukaguliwa mbali na jengo vinafanya kazi hata siku umeme umekatika na mbwa anaumwa.

Kama mnacho tayari

Andikeni namba za kila kifaa na kadi zake, vifungieni stoo, wala msivitupe: ni ushahidi wa manunuzi. McCormick aliamriwa kurejesha karibu pauni milioni 8, na madai kama hayo hujengwa kwa risiti na vifaa vyenyewe. Msiviuze kwa mnada, maana vitaishia geti la mtu mwingine. Walinzi waambiwe wazi kwamba kosa lilikuwa la kifaa, si la mapigo ya moyo yao, na warudishiwe kazi ya kufungua buti siku hiyohiyo. Asiyeambiwa ataendelea kukitafuta. Kesi ikiisha, sanduku mnaweza kulibakiza. Ni imara, haliingizi maji, na sponji yake ikikatwa upya inakaa vizuri tochi mbili na kioo cha kukagulia chini ya gari.